Mbuzi wa Zamu ya Jumanne

Jumanne saa mbili asubuhi, Jumwa wa Kinango alishuka kwenye tuktuk mbele ya hospitali ambayo jina lake tuliache. Alikuwa na mwanawe Dama, mfuko wa nguo na mbuzi jike mmoja. Mlinzi wa lango aliandika namba ya tuktuk, kisha akamwuliza Jumwa mbuzi amekuja kumwona nani.

Mbuzi hakuwa mgonjwa. Alikuwa amemzoea Dama, mtoto wa miaka sita ambaye jasho lake likikauka humwachia chumvi nyeupe kwenye paji la uso. Mbuzi wote wa boma walimpenda kwa hilo, lakini huyu ndiye aliyemlamba kila siku mpaka akapata la kusema.

Alilisema mbele ya Daktari Judy, msichana wa Bara aliyekuwa na miezi mitatu katika wodi ya watoto.

"Shikamoo, daktari," alisema mbuzi.

"Marahaba," alijibu Judy, akiendelea kuandika nimonia kwenye kadi ya Dama.

Mbuzi akaeleza kwa Kiduruma, Jumwa akitafsiri, kwamba mtoto huyu hana nimonia. Chumvi imemzidi, kohozi lake ni zito kupita kiasi, na chakula kinampita bila kusagika. Judy aliweka kalamu chini. Ugonjwa huo aliusoma chuoni, unaitwa sistiki faibrosisi. Vidonge vya kusaga chakula vilikuwamo stoo, ila vilitolewa kwa mtoto aliyepimwa jasho kwa mashine tu, na mashine yenyewe hospitali ilikuwa ikiiagiza tangu Dama hajazaliwa.

Mbuzi akazungushwa wodini ili kupata uhakika. Alilamba viganja vya watoto kumi na wanane, akiomba radhi kwa kila mmoja, akasimama kwa mtoto mmoja wa kisiwa cha Wasini.

"Na huyu," alisema.

Basi uongozi ukamwajiri. Akapewa beji, zamu ya Jumanne na Alhamisi, na likizo ya uzazi. Kusema kweli alikuwa mfanyakazi mzuri: hakuchelewa hata siku moja, na faili alikula moja tu. Kufikia mvua za vuli alikuwa amewatambua watoto watano.

"Daktari, mwanangu ataanza lini vile vidonge?" aliuliza Jumwa.

"Kompyuta inakataa, mama. Inataka jina la aliyepima, na mbuzi haimtambui."

"Si nyinyi wenyewe mmemwajiri?"

"Tumemwajiri, lakini ameandikishwa kama mkata nyasi."

Jumwa aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia. Dama alikuwa na uzito wa mtoto wa miaka mitatu. Akamlaza kifudifudi mapajani, akaanza kumpigapiga mgongo kwa kiganja alichokikunja, jinsi alivyofundishwa, kohozi lipate kulegea.

Judy alijaza kadi: nimonia, mara ya tisa. Mbuzi, ambaye kazini alikuwa amejifunza kusoma, akainamia kadi na kusema kwamba hiyo si kweli.

"Najua," alisema Daktari Judy, akaipiga muhuri.