Sida ya Aurore

Kwa wiki mbili Aurore aliumwa tumbo kila asubuhi, na tumbo hilo, ajabu kweli, lilipona saa tatu, masomo yakishaanza. Mama yake, Séraphine, msafishaji wa uwanja wa ndege, hakuwa mtu wa kuchezewa shere. Jumapili moja, mwaka 2009, aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha mchana, akamkabili mchi ukiwa bado mkononi.

"Sema. Na useme Kiswahili, si Kiswidi chako."

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Msichana wa miaka kumi na miwili aliyekulia Hallonbergen, Uswidi, Kiswahili cha jikoni anacho tele, cha kompyuta hana. Neno "ukurasa" likamkimbia, akachomeka la Kiswidi.

"Mama, niko na sida. Darasa nzima imeshaiona."

Sasa, kwa Waswidi sida ni ukurasa tu. Kwa mama aliyesoma Kifaransa Bukavu, Kongo, sida ni ukimwi. Mchi ukamponyoka.

"Yesu wangu! Nani alikupatia?"

"Lina wa darasa letu. Kwa kompyuta."

"Sida inapita sasa mu kompyuta?"

Tayari ameshika simu ampigie Mama Perpétue wa maombi, kitambaa kimemteleza kichwani, anazunguka meza. Aurore akaelewa, akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, machozi yakamtoka, na punde yakawa machozi ya uchungu kabisa.

"Kama ya kitabu, mama! Lakini ya intaneti! Wananitukana humo!"

Séraphine alipiga vigelegele vya shukrani kwanza, akamkumbatia, kisha akataka kuona. Ilikuwa picha ya binti yake, amebandikwa masikio ya mbuzi. Chini yake, majina kumi na saba ya waliobonyeza kwamba wameipenda. Vigelegele vikamkauka.

"Niwajibu, mama? Matusi ninayo."

"Hapana. Usijibu, usifute kitu. Tutachapa yote."

Jumatatu waliingia shuleni pamoja, mama katika sare ya kazi, karatasi tisa mkononi. Mwalimu alisoma, uso ukamwiva.

"Tutachunguza ni nani waliohusika," alisema.

"Wamejiandika wenyewe," Séraphine alijibu kwa Kiswidi chake cha kuokoteza, akaweka kidole kwenye jina la Lina.

Mwalimu aliguna, akanyanyua simu kuwaita wazazi. Halafu akamwuliza Aurore kama angependa kurudi nyumbani siku hiyo.

"Hapana," alisema Aurore. "Nina hisabati."

Akavua koti, akaenda kuketi mahali pake.