Aproni Namba Kumi na Saba

Kola ya arobaini ya asubuhi hiyo ilikuwa bado chini ya sindano msimamizi alipomgonga begani.

"Dada Kola, cherehani mwachie huyu. Karani anakuita."

Nyuma yake alisimama binti mgeni, ameshika mkasi kama aliyeshika yai. Wiki nzima Dada Kola alikuwa akimfundisha kugeuza ncha ya kola bila kuitoboa. "Mfundishe vizuri," msimamizi alimwambia, "siku hizi wewe ni mwalimu." Naye akavimba kichwa.

Jina la Dada Kola walimpa mwezi wa kwanza, maana kola yake haikurudishwa hata moja. Leo ilikuwa siku ya themanini na nane. Zimebaki mbili amalize majaribio, apate ajira ya kudumu na kadi ya matibabu, mama yake apasuliwe jicho. La kushoto lilishafunga ukungu, la kulia lilikuwa linafuata. Jana mama alimimina chai nje ya kikombe, akacheka: "Meza nayo ina kiu, mwanangu."

Karani hakumkaribisha kiti.

"Umefanyiwa tathmini, dada. Hujafikia kiwango."

"Kola gani ilirudi?"

"Si suala la kola."

"Mimi hapa nashona nini kingine, kaka?"

Karani aligeuza karatasi, ingawa upande wa pili ulikuwa mtupu. "Kabla ya siku tisini hatulazimiki kutoa sababu. Weka saini. Aproni namba kumi na saba uiache, ni mali ya kiwanda."

"Siku mbili tu. Mama yangu haoni."

"Hata mimi nina mama."

Aliweka saini. Koridoni alifungua kamba za aproni, akaziona tena zile namba zilizoshonwa kwa uzi mwekundu ndani ya pindo: 86. 89. 87. Siku ya kwanza alimwuliza mama mmoja, mkata nyuzi wa ukumbini, akajibiwa bila kuinuliwa uso, "Alama za dobi hizo." Sasa aliziangalia vizuri. Ya kwanza mishono minene, ya pili midogo kama chawa, ya tatu imeinamia kushoto. Dobi gani huyo mwenye mikono mitatu?

Na hakuna iliyofika tisini.

Kisha akarudi kwenye cherehani, akachukua sindano ya mkono na uzi mwekundu, akainama juu ya pindo: 88.

"Wewe! Bado hujaondoka?" msimamizi alifoka.

"Narekebisha pindo, bosi. Mali ya kiwanda irudi ikiwa nzima."

Wenzake wawili wakacheka kichinichini. Mama mkata nyuzi hakucheka. Alimsogezea mkasi.

"Haya, mvishe huyo, kazi isilale," alisema msimamizi, akaenda zake.

Dada Kola alimfunga binti kamba za aproni kiunoni, taratibu, kama anayemvisha mdogo wake siku ya kwanza ya shule.

"Nisamehe, dada," binti alinong'ona. "Mimi sikujua."

"Hata mimi sikujua. Geuza pindo, usome. Na ikifika siku ya themanini wakakuletea mtu, usimfundishe."

Getini mlinzi alimpekua mfuko kama kawaida, kutafuta nyuzi za wizi. Hakupata kitu.

Kutoka ndani ya ukumbi, kati ya mlio wa cherehani zote, aliisikia ya kwake, aliyomwachia binti, ikinyamaza. Ilinyamaza muda mrefu kuliko wa kubadilisha uzi. Msimamizi akaanza kupiga kelele, na ya jirani yake nayo ikanyamaza.