Ukoo wa Wanaoambaa Ukuta

Kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka Mtinko, mzee Sostenes, baba mkubwa wa Peniel, alimchukua kijana huyo wakaja Utemini kuuchunguza ukoo wa mchumba wake, Severina, asije akaoa kwenye kifafa, uchawi au uvivu.

Severina aliwaamkia, akawanawisha. Alipoulizwa kazi yake akajisahau, akaeleza yote. Maabarani kwao wanafuga koo mbili za panya weupe. Ukimtia wa ukoo wa kwanza kwenye sanduku la wazi, anaambaa ukuta akitetemeka. Wa pili anakatiza katikati kama mwenye shamba. Kemikali za ubongo wao hazilingani, na tofauti hiyo wanairithi.

"Wanairithi!" Mzee akaliweka chini paja la kuku, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Bibi yako si ndiye aliyemfukuza mumewe kwa mwiko?"

"Ndiye. Babu aliuza mtama wa watoto akanywea pombe."

"Na mama yako hapa si alimfokea mwenyekiti mkutanoni?"

"Alimfokea, na kisima kikachimbwa."

"Basi ukali umo damuni. Sayansi imesema. Ng'ombe wetu watabaki zizini."

"Baba, sayansi haijamaliza kusema. Watoto wa panya waoga tuliwahamishia kwa mama mtulivu, wengi wakakua na ujasiri kuliko ndugu zao. Damu ni nusu ya habari."

"Nusu inanitosha," mzee akasema, akalirudia paja lake.

Severina akamgeukia Peniel. Alimpenda, na gauni lilikwisha kushonwa. Neno moja tu la kumtetea lingetosha. Peniel alikuwa amebana mgongo ukutani, macho kwenye kona, anakuna goti.

"Basi nami nikuulize, baba. Huyu amemrithi nani? Fisi walipovamia zizi lenu, waliotoka na mapanga ni wake zenu. Wewe ulikuwa uvunguni. Peniel mwenyewe ndiye aliyenisimulia."

Mama yake Severina akaficha kicheko kwenye kanga. Mzee alisimama, midomo inamcheza. "Omba radhi! Sasa hivi!"

Ndipo Peniel akapata sauti, kwa mara ya kwanza tangu anawe mikono. "Severina, omba tu radhi, yaishe."

Severina akamtazama kama anavyowatazama wale wa sandukuni, akaanza kukusanya sahani.

"Siombi," akasema. "Si kwake, wala si kwako."