Siku Baa ya Vroman Itakapofungwa

Jumanne asubuhi Lois Hotaling alifika kwenye baa ya Vroman na ndoo ya kukingia maji, maana paa lilivuja, akamkuta mwanamke mweusi aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani anakata vitunguu jikoni. Moto ulikuwa unawaka kwenye meko yaliyozibwa kwa matofali tangu zamani.

"Viatu, mama," mwanamke alisema. "Nimetoka kupiga deki."

Lois akavua viatu. Alikuwa mwenyekiti wa chama kilichoimiliki na kuitunza baa hiyo ya kihistoria, ya kwanza kujengwa na walowezi katika bonde la Schoharie, na wasiwasi wake ulikuwa watu wa bima watasema nini kuhusu moto.

Mwanamke aliitwa Dien. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita alikuwa mtumwa wa Teunis Vroman, mwenye baa wa kwanza, na alizikwa nyuma ya zizi, ambapo sasa huegeshwa magari. Supu yake ya maharage na nyama ya nguruwe ilikuwa tamu hivi kwamba watu walianza kutoka mji wa Albany kuja kuinywa. Chama kikatengeneza vikombe vyenye picha ya Vroman.

Fundi wa paa, Wendell Pruyn, ndiye aliyemwuliza Dien kwa nini amerudi.

"Sijarudi, kaka. Sikuondoka. Kuni tu ndizo hazikuwepo." Dien alikoroga chungu. "Vroman alipokuwa anakata roho aliniahidi mbele ya mchungaji: siku mwenye baa atakapotamka kwamba baa imefungwa, mimi huru. Hajatamka mtu."

"Lakini dada, sheria ilishafuta utumwa."

"Ilikuja nimeshakufa. Haikunikuta."

Wendell alikwenda kukusanya nyundo zake, kisha akamtafuta Lois, akamweleza ahadi hiyo. "Tamkeni, basi. Itawagharimu nini?"

Lois alimpenda Dien. Alishamletea hata sweta. Akaitisha kikao. Wanachama walikaa kwenye meza ndefu, Dien akawahudumia, na Lois akaeleza jambo lenyewe. Mzee mmoja akasema ni jambo dogo: watamke leo, kesho wafungue tena.

"Na akishakuwa huru," mama mmoja aliuliza, "atakuja kupika?"

Wote wakamtazama Dien.

"Hapana," alisema, akimwongezea supu.

Wendell, aliyekuwa amekaa mlangoni akisikiliza, akainuka, akapaza sauti: "Baa imefungwa!"

Dien alitua bakuli, akafuta mikono, akangoja. Hakuna kilichotokea. Wendell hakuwa mwanachama.

"Asante, kaka," Dien alimwambia, akalichukua bakuli tena.

Kura zikapigwa. Mkono wa Lois ulikuwa wa mwisho kupanda, lakini ulipanda. Ikaamuliwa kwamba neno hilo lisitamkwe kamwe na mwanachama yeyote, na kwamba atafutwe fundi mwingine wa paa.

Majira ya kuchipua, baridi ilipokwisha, paa likawa jipya. Lois alimletea Dien beji nzuri ya shaba.

"Imeandikwa nini?"

"Jina lako."

"Na hapo chini?"

Lois alikohoa. "Kwamba unajitolea."

"Najitolea," Dien alirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Akaibandika beji kwenye aproni, akaiweka sawa.

"Leo wanakuja wageni wangapi?"

"Mabasi mawili," Lois alisema.

Dien akaongeza maji chunguni.