Mkono wa Wangila

Asubuhi ya mazishi, Sellah alijikata kiganjani akikatakata kabeji za waombolezaji, huko Kabuchai. Kidonda kilikuwa kidogo. Alikiosha kwa sabuni, akabana kingo zake, akapaka supaglu ambayo marehemu mumewe, Wangila, alikuwa ameinunua Kitale dukani kwa Madanlal, ya kubandika soli za viatu. Ilimchoma kidogo, damu ikakata.

Kabla gundi hiyo haijakauka, aliitwa amuage mumewe. Akamshika mkono jenezani. Mikono ikagandana.

Wazee walijaribu maji moto, kisha mafuta ya taa. Mchungaji akaomba. Kwa kuwa mvua ilikuwa inakaribia, Wangila aliketi, akatoka jenezani na suti yake, akasimama kando ya mke wake. Watu wakala, wakaenda zao.

Tangu hapo walikwenda pamoja. Sellah alipalilia mahindi kwa mkono mmoja, Wangila akabeba kikapu kwa ule mwingine. Hakula wala hakusema. Jioni Sellah alipoomba, naye aliinamisha kichwa. Ombi lilikuwa moja: Mungu amwachie shamba hilo walilolilima wote wawili tangu waoane.

Kisha Absalom, ndugu ya Wangila, akaja na trekta.

"Mulamwa, shemeji yangu, hii shamba ni ya boma yetu. Rudi tu kwa wazazi wako, kule Kwanza."

"Si ndugu yako huyu hapa? Muulize."

Absalom alivua kofia. "Wangila, umeamkaje?"

Wangila alimwonyesha mkewe kwa kidole, kisha akaonyesha udongo.

"Nimekuona, bana. Lakini wewe ni marehemu. Hata chifu alitangaza. Marehemu hana neno kwa shamba."

Wazee waliona hilo ni kweli. Wangila akasogea pembeni ili trekta ipite.

Ngozi ya kiganja ilipoanza kubambuka, gundi iliachia. Wangila alimtazama mkewe kwa muda, akatembea hadi kwenye kaburi lake lililokuwa bado wazi, akalala. Sellah alimfukia kwa jembe, akiimba peke yake.

Wakati huo miwa ilikuwa imeshapandwa hadi mlangoni. Absalom mwenyewe ndiye aliyempakilia Sellah kitanda kwenye pikapu ya kumrudisha kwao Kwanza. Alikaza kamba vizuri, kitu kisianguke njiani, kisha akafumba macho na kumwomba Mungu amfikishe salama.