Kilima Kisicho cha Baba

Kikao cha ukoo kilifanyika Jumamosi, mbele ya nyumba ya mbao ya Gacheri, nje kidogo ya Kanyakine. Viti vya plastiki vilikuwa vimeazimwa kanisani, na vilitosha wanaume tu, kama kawaida. Wanawake walikaa kwenye nyasi, miguu wameinyoosha mbele, leso zimefunika magoti. Hakuna aliyewaambia wakae pale. Ndivyo wanavyokaa siku zote, na hata vingeletwa viti vya kujaza shamba zima, wangeambiwa vinangoja wageni.

Gacheri alikaa mbele, ubavuni mwa Kagwiria, mwenyekiti wa kikundi chao. Kikundi hicho cha akina mama kilikuwa na kazi moja: kwenda kwenye kila kikao ambapo binti anafukuzwa shambani kwa babake, kukaa naye, na kuomba nafasi ya kusema. Gacheri alikuwa amekaa na wenzake wengi, kutoka Kibugu hadi Siakago. Leo wenzake walikuja kukaa naye.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo kwa kila mtu isipokuwa yeye. Ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani, akamuuguza baba yake mpaka akamzika, akatunza kahawa na ng'ombe. Sasa Kiunga, kaka yake, alitaka aondoke kabla kahawa haijaiva. Msidhani Kiunga alikuwa mtu mbaya, la. Alimpenda dada yake sana. Alitaka tu kumpenda akiwa mahali pengine.

Gacheri hakuwa na mahali pengine.

Mzee Salesio, aliyeongoza kikao, alifungua kwa maombi, kisha akampa Kiunga nafasi. Kiunga akasema. Binamu yake akasema. Akasema pia bwana mmoja ambaye hakuna aliyejua ni wa ukoo gani, ila alikuwa mwanamume na alikuwa na kiti. Gacheri akainua mkono. Mzee Salesio akamwambia kwa upole angoje kidogo, binti yetu, wanaume wamalize.

Hapo ardhi iliyokuwa chini ya wanawake ikainuka kiasi cha shubiri.

Kagwiria akaivuta leso yake asiteleze. Alishawahi kuona dalili za jambo hili. Kule Kibugu nyasi zilifura unene wa kidole tu, wenyeji wakasema ni mafuko, wakatega mitego. Gacheri mwenyewe hakushughulika na ardhi. Alikuwa akiwaza ng'ombe wake, atamhamishia wapi mnyama mwenye mimba.

Akainua mkono tena. Akaambiwa mambo ya shamba hayamhusu mtu aliyeolewa. Akasema hana mume. Akaambiwa basi atampata. Ardhi ikainuka tena, na safari hii ikabeba nyumba, jiko la nje, zizi, na mistari yote ya mibuni iliyokuwa nyuma. Wake wa kina Kiunga walikuwa wakigawa chai, ikawalazimu kunyanyua vikombe juu ya vichwa vyao ili viwafikie akina mama. Kagwiria alivipokea kwa kuinama, akashukuru, akauliza kama kuna sukari.

Mukimo ulipopakuliwa, wanaume wote walikuwa wakitazama juu. Shingo zilianza kuwauma. Kiunga alilalamika kwamba mteremko umefunika nyasi zake za nepia, chakula cha ng'ombe. Mzee Salesio akauliza, bila ubaya wowote, kama akina mama wangeweza kukituliza kitu hicho ili kikao kiendelee.

"Tupeni viti, mzee," Kagwiria akajibu kutoka juu. "Pengine nyasi ndizo zimechoka."

Wazee wakanong'onezana. Kutoa viti vichache halikuwa jambo gumu, vijana wangesimama. Lakini mwanamke akishakalia kiti, nani atamzuia asiseme? Wakaona afadhali shingo ziume.

Gacheri hakuinua mkono tena. Alisimama.

"Baba alifia mikononi mwangu, ndani ya nyumba hii," akasema. "Sina kwingine pa kwenda."

Hakuna aliyemkatiza. Si heshima iliyowazuia, ni kwamba ni kazi kumkatiza mtu ambaye nyayo zake ziko juu ya kofia yako. Ardhi ikatulia. Jogoo akawika huko juu, akaendelea na shughuli zake.

Mzee Salesio akachukua fimbo, akakizunguka kilima chote polepole, akigongagonga mteremko hapa na pale. Aliporudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Shamba la marehemu lilikuwa tambarare, sote tunalijua," akasema. "Kilima hiki marehemu hakukiacha, wala hakukijua. Binti harithi shamba la baba, na hapa hajarithi kitu. Kilima akae nacho."

Wanaume wakapiga makofi. Kiunga aliuliza shamba lake sasa liko wapi, akaambiwa liko chini ya kilima, lake kabisa, hakuna atakayemsumbua. Akaridhika. Viti vikarudishwa kanisani kabla ya mvua.

Gacheri alilala chali pale pale kwenye nyasi. Kifua kilichokuwa kimekaza kwa miezi kilifunguka, akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena na machozi yakiwa bado yanamtiririka. Kagwiria alikuwa amekasirika, hata kikombe alikiweka chini kwa kishindo. Akasema hawakupewa haki, wamepewa mlima.

"Najua," Gacheri akamwambia. "Lakini leo nitalala usingizi."

Na kweli alilala. Kahawa ilipenda upepo wa huko juu, ng'ombe akazaa, na watu wa Kanyakine wakazoea kuelekezana njia kwa kilima hicho. Kiunga hupanda jioni kufuata maziwa. Huketi jikoni kwa dada yake, hunywa chai, husifu jinsi mtu anavyoona mbali kutoka pale, na hajawahi kusema jambo lingine lolote.

Msimu uliofuata ikawa zamu ya Muthoni, binti wa ukoo huohuo ng'ambo ya mto, ambaye kaka zake walikuwa tayari wameng'oa mlango wa nyumba yake. Kikundi kilifika mapema, lakini wanaume walikuwa wamefika mapema zaidi. Viti vya plastiki vilitosha wanaume tu. Vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta wa ghala, ili wanaume wapate pa kuegemeza vichwa watakapoanza kutazama juu.

Gacheri akamshika Muthoni mkono, akamtafutia mahali pakavu, akamwonyesha: miguu mbele, leso magotini, halafu inua mkono uombe kusema.

"Na nikiomba?" Muthoni akauliza.

"Watakwambia ungoje."

Muthoni akaketi kwenye nyasi. Mzee Salesio akavua kofia, akafungua kikao kwa maombi.