Kabari za Fundi Nyuzi Tisini

Mabegi yalikuwa yamekaa mlangoni mpaka yakaanza kuonekana kama viti. Kila mteja aliyeingia kwangu kusukwa aliyaruka, na kila aliyeyaruka aliuliza, "Mama, bado hamjaondoka?" Nikawa nasuka huku nimeuma meno. Mmoja alilalamika kwamba nimemvuta nywele mpaka macho yamekuwa ya paka. Nikamwambia ashukuru, wengine hulipia.

Roho yangu haikuwa pale. Binti yangu alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, mkunga amemwambia ni wakati wowote, na mimi nipo kwangu nahesabiwa siku na wateja. Na mnadhani nani alikuwa ameshafika huko? Mama mzaa mkwe wangu. Ameshachukua chumba cha wageni, ameshapanga nepi, ameshaanza kumwambia mwanangu asinywe hiki na asilalie upande ule. Yote nilikuwa nayapata kwa simu. Sina ubaya na yule mama, lakini mjukuu ni wa wote, asije akafungua macho akakuta upande mmoja tu wa ukoo.

Nyumba ya binti haina chumba kingine, kwa hiyo sisi tungelala kwenye gari letu. Ni gari la nyumba, kuukuu, lenye nafasi ya kitanda na jiko ndani. Tulilipata likiwa tupu kama debe. Mume wangu ni seremala, na kazini walimpa jina la Nyuzi Tisini, kwa sababu hajawahi kuunga kona isiyo ya nyuzi tisini. Akiingia nyumba ya watu, hukagua fremu ya mlango kwanza, halafu ndipo anasalimia. Basi akaliegesha gari uani kwetu, pua ikielekea getini, akalijengea ndani kitanda, meza na rafu. Kazi safi. Mtaa mzima ulikuja kujaribu kitanda, na wengine walikijaribu mpaka wakakoroma.

Siku ya kuondoka, mizigo iko tayari, nimeshawaaga watu mara mbili, mume wangu akachukua pimamaji yake, kile kipimo chenye kiputo cha hewa, akailaza kwenye sakafu ya gari.

"Limeinama mbele," akasema.

"Si uwanja ndio unateremka? Maji ya mvua siku zote yanakimbilia getini."

"Na uwanja wa mkwe unaujua ulivyo? Gari la kulala lazima lilale sawa. Haliondoki hapa mpaka nione naweza kulisawazisha."

Ndipo kabari zilipoingia maishani mwangu. Ni vile vipandio vya plastiki, unaviweka mbele ya tairi, tairi linapanda, upande uliolala unanyanyuka. Akanunua jozi fupi, akapandisha matairi ya mbele. Dada yake, wifi yangu, mwanamke mwenye mwili wake na mdomo wake, akajilaza kitandani kujaribu. Akabingirika taratibu mpaka akagota ukuta wa nyuma.

"Kaka, kitanda kinanitema!"

"Kiputo bado hakijafika katikati," mume wangu akajibu akiwa amepiga magoti sakafuni. "Kabari fupi hizi."

Tukarudi dukani kubadilisha. Duka lile linanuka mpira mpaka ulimi unaonja, na nyuma yake kuna watu wanagonga ringi kutwa. Muuzaji alikuwa na maneno matamu kama anaposa.

"Mzee, hizi nyeusi zimepinda kama ndizi, unapanda polepole unasimama unapotaka. Hizi za njano zina ngazi tatu, unajua uko ya ngapi. Na hizi pana ni za mpira, hata lori linapanda."

Mume wangu alizikanyaga, akazigeuza, akazikalia. "Zinabeba gari tupu au lenye mizigo?"

"Lenye mizigo, mzee."

"Na mke?"

Muuzaji akanitazama, akameza mate. "Hapo inategemea, mzee."

Nilicheka, naapa nilicheka, halafu simu ikaita. Binti.

"Mama, mko wapi?"

"Njiani, mwanangu."

"Njia gani hiyo yenye nyundo?"

"Barabara inatengenezwa," nikasema, nikamkanyaga mume wangu mguu. "Chagua! Chagua yoyote, twende!"

"Haraka yako itatulaza chini."

"Na ngoja ngoja yako itanikutanisha na mjukuu ameshaota meno!"

Akachukua za njano. Tukarudi uani, matairi ya mbele yakapanda mpaka ngazi ya juu. Akailaza pimamaji sakafuni. Kiputo katikati kabisa, kimetulia. Akasimama, akajipangusa magoti, akatabasamu kama bwana harusi. Mimi nikabeba begi la kwanza.

"Dada, lala," akaamuru.

Wifi akalala. Safari hii hakubingirika, aliruka. Aligonga ukuta wa nyuma mpaka sufuria zikaitikia, na chungwa lililokuwa mezani likamfuata.

"Ni uzito wako," mume wangu akasema.

"Uzito wangu nilikuwa nao siku ile nililala hapa mpaka jua likazama! Uliniambia kitu?"

Na hapo ndipo nami nikashtuka. Kweli, siku ile alilala. Sote tulilala. Gari limeinama, na hakuna aliyebingirika.

"Baba," nikamwambia, "hebu weka hicho kipimo chako juu ya kitanda."

"Kitanda nilikipima mwenyewe."

"Ulikipima lini?"

"Nilipokuwa nakijenga."

"Na gari lilikuwa limekaaje ulipokuwa unakijenga?"

Akachukua pimamaji, akaiweka kitandani: kiputo kikakimbilia pembeni. Mezani, vilevile. Kwenye rafu, vilevile, unywele kwa unywele. Kila kitu alichokijenga, alikijenga gari likiwa limeinamia getini, na kila kitu alikinyoosha kwa pimamaji yake. Angekuwa seremala mzembe, angekadiria kwa macho na kufuata sakafu, tungekuwa tumeshafika. Yeye alikinyoosha kitanda kikawa sawa na dunia, kikawa upande kwa gari.

Wifi alianza kucheka, akamwona kaka yake usoni, akanyamaza. Yule mwanamke kunyamaza, ujue kuna msiba.

"Nang'oa vyote," mume wangu akasema.

"Hung'oi kitu."

"Siwezi kufika kwa mkwe wangu na kazi kama hii. Mimi?" Alikuwa ameshashika bisibisi. Parafujo ya kwanza ikaanza kulia.

Simu ikaita tena. Safari hii binti hakuuliza tuko wapi. "Mama," akasema, "kweli mko njiani?" Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya wakati ule alipokuwa akiniita kutoka bafuni sabuni imemwingia machoni. Sikuwa na barabara nyingine ya kutengeneza.

"Hapana, mwanangu. Baba yako bado anapima. Huyu hapa."

Nikampa simu. Alichoambiwa sikijui, na mimi kutojua jambo ni ugonjwa, nililizunguka gari zima nikitega sikio. Nilisikia tu akisema, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Akanirudishia simu. Akairudisha parafujo mahali pake.

"Basi tulilaze kama lilivyokuwa limelala hapa," nikamwambia. "Popote tukifika, tuliwekee mteremko huuhuu."

"Gari limeinama makusudi? Watu watasema."

"Watu wanasema hata sasa. Wengine nimewasuka asubuhi."

Akafikiri, akalizunguka gari, akainama nyuma. "Huko uwanja ukiwa sawa, itabidi tuinue nyuma. Na nyuma matairi ni pacha. Hizi za njano ni nyembamba, zitashika moja tu."

Muuzaji alipotuona mara ya tatu alijificha nyuma ya betri. Mume wangu akamwomba zile pana za mpira.

"Unataka kusawazisha nyuma, mzee?"

"Nyuma ni sawa. Nataka kuipindisha."

Muuzaji akanitazama mimi. "Mpe," nikamwambia, "na usiulize."

Tuliondoka hapohapo kutoka dukani, mabegi tukayapitia mlangoni injini ikiunguruma. Njia nzima sikukaa nikakalika. Kila gari lililotupita nililiona limembeba mkunga.

Mkwe wetu, Mungu ambariki, alikuwa amemwaga zege uwanja mzima, umenyooka kama meza. Majirani wakatoka kutazama. Mume wangu akaweka zile kabari pana, akarudi nyuma, matairi pacha yakapanda, matako ya gari yakaenda juu na pua ikaenda chini. Akaingia, akailaza pimamaji, kitandani safari hii, akatoka.

Mama mzaa mkwe wangu alikuwa amesimama mbele, mikono kiunoni. "Mkwe, mbona gari lenu limeinama?"

Mume wangu akajipangusa mikono.

"Linakuamkia, mama."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko, na yule mama akacheka kuliko wote. Binti yangu akatoka nyuma yao, tumbo lake lingali mbele, miguu imevimba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakusalimia. Alipanda ngazi ya gari, akanishika bega kidogo, akajilaza kitandani kwa upande aliotaka mwenyewe. Hakubingirika. Nilipoinama kumvua viatu alikuwa ameshalala.

Mama mzaa mkwe akaja mlangoni na ushauri wake mdomoni, majirani nyuma yake na maswali yao. Nami nilikuwa na habari za kumtosha kila mmoja, zinaniwasha ulimi. Nikakaa kwenye kizingiti, nikamsogezea yule mama nafasi akae, nikaweka kidole midomoni.